Miguu ya Magwinya

Ilikuwa Jumanne ya Julai, saa tatu asubuhi, mjini Francistown. Anga lilikuwa jeupe, upepo mkavu ulivuma kutoka kusini, na maji ya mbwa nje ya kliniki ya mifugo yalikuwa yameshika utando wa barafu.

Daktari Onalenna Mokgatle alikuwa ameshika miguu ya nyuma ya paka mweusi aliyeitwa Magwinya. Ilikuwa baridi kama chuma cha dirisha. Alimpapasa kinenani akitafuta mapigo, asiyapate. Paka alilia kwa sauti ambayo mwenye paka, mjane aitwaye Mma Kelapile, hakuwahi kuisikia kwake.

"Nilikuwa nawasha moto wa chai," alisema Mma Kelapile. "Nikasikia mtu anapiga kelele. Nikadhani ni jirani na mumewe. Kumbe ni yeye, anavuta kiuno kama gunia."

Daktari alimchoma Magwinya dawa ya maumivu, kisha akaeleza. Moyo wa paka ulikuwa mgonjwa. Donge la damu lilikuwa limetoka humo, likateremka, likakwama pale mshipa mkubwa unapogawanyika kwenda miguuni. Ilikuwepo dawa ya kuliyeyusha, kichupa kimoja tu. Ilitakiwa kuingia taratibu kwa pampu. Damu ikishaanza kupita, ni lazima kuisimamisha dawa, kwa sababu haijui kuchagua: huyeyusha donge baya, na huyeyusha pia mgando unaozuia damu kuvuja mwilini.

"Miguu ikipata joto kabla ya saa nane, Magwinya anaishi," alisema. "Ikibaki baridi, Mma, itabidi nimlaze asiamke. Siwezi kumwacha na maumivu haya."

"Joto," alisema Mma Kelapile.

"Joto."

Mjane huyo alikaa kwenye kiti karibu na meza, akaingiza mikono chini ya blanketi la paka.

Gaone, muuguzi wa kliniki, aliwasha pampu. Daktari alijua mapema kwamba kazi ingekuwa ngumu kuipima. Kifaa cha kusikilizia damu ikipita kilikuwa kimeazimwa na wenzao wa kliniki ya mji wa Maun. Paka wengine huonyesha hali yao kwa rangi ya nyayo, ya waridi au ya buluu, lakini Magwinya alikuwa mweusi hadi kwenye kucha. Angeweza kukata ukucha mmoja aone kama damu inatoka, ila kumkata mnyama aliyetiwa dawa ile ni kufungua bomba usilojua pa kulifungia. Kilichobaki ni kiganja cha mkono.

Saa nne alishika mguu wa kushoto. Ulikuwa na joto.

"Gaone, njoo ushike."

Gaone alishika. "Eh! Huu umekuja, Daktari."

Wa kulia ulikuwa baridi. Daktari alifurahi nusu, akaiacha pampu iendelee. Mma Kelapile aliomba ruhusa akamsalimie mlinzi wa getini, Rra Tlhalerwa, akisema ni mtu wa kanisani kwao. Aliporudi, alikaa upande wa pili wa meza. Baada ya muda daktari alishika tena. Sasa mguu wa kulia ulikuwa na joto, tena jingi, na wa kushoto umepoa.

Alisimama akiwa ameushika. Donge linaweza kukatika, kipande kikahama. Lakini kuhama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine? Damu haina njia hiyo. Alitafuta mapigo. Hakuna. Alitazama mstari wa moyo kwenye mashine iliyounganishwa kifuani mwa paka. Damu ikirudi kwenye nyama iliyokufa ganzi, sumu iliyojikusanya humo hurudi nayo na mstari hubadilika. Huu haukuwa umebadilika hata kidogo.

"Mkono unasema ndiyo, mashine inasema hapana," alisema.

"Labda mkono wako ni wa baridi, Daktari," alisema Gaone. "Leo hata maji ya moto yangekuona barafu."

"Usinichekeshe. Nisimamishe au niendelee?"

"Mimi ni wa kubonyeza tu. Wewe ndiye uliyesomea."

Alisimamisha pampu. Nusu ya dawa ilibaki. Mma Kelapile alikwenda tena kumsalimia Rra Tlhalerwa, akarudi na kukaa upande wake wa kwanza.

Daktari alikaa. Alipanga upya alichokijua, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa chuoni, na kila alipofika mwisho kulikuwa na jambo lililobaki nje. Alihofia kwamba amekatiza dawa mapema. Alihofia vilevile kwamba akiiwasha tena atamuua paka aliyekwisha kupona. Alipoushika mguu wa kushoto kwa mara nyingine ulikuwa wa moto, moto kuliko tumbo la paka mwenyewe, na hapo ndipo akili yake ilipokataa. Mguu hauwezi kuushinda mwili unaoulisha.

Alifunua blanketi. Juu ya mguu wa kushoto palikuwa na kijiwe cha mviringo kilichofungwa kwenye doeki, kitambaa cha kichwani.

"Mma. Hiki nini?"

"Jiwe."

"La nini?"

"La kufukuza baridi. Wewe hukuzaliwa huku? Mama yako hakuwa anakwenda nalo kanisani?" Mma Kelapile hakuonyesha aibu yoyote. "Nilikuja nalo la moto kutoka nyumbani. Rra Tlhalerwa ana jiko la mkaa pale getini, ananipashia tena. Ulisema miguu ikipata joto anaishi. Nikasema kumbe ni hilo tu? Nikaipa joto."

Gaone aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mma, nilisema joto litoke ndani!"

"Hukusema ndani, mwanangu. Ungesema ndani ningekuuliza tunalipitisha wapi."

Daktari alitaka kufoka, akakumbuka maneno yake mwenyewe. Alimweleza kwamba nyama isiyopata damu huungua upesi bila mnyama kujua. Aliukagua mguu, manyoya na kitambaa vilikuwa vimeukinga. Mma Kelapile aliinama juu ya paka.

"Nimemuua?"

"Sijui bado. Weka mikono yako juu ya meza, niione."

Walisubiri. Miguu yote miwili ikapoa. Daktari aliwasha pampu, nusu iliyobaki ikaanza kuingia.

Saa saba na robo mstari wa moyo uliinua vilele virefu vyembamba. Gaone alichoma dawa ya kuulinda moyo, vilele vikashuka. Daktari alishika mguu wa kulia. Ulikuwa na uvuguvugu. Alitazama mikono ya Mma Kelapile, akakagua blanketi, akamwambia Gaone aonyeshe viganja vyake.

"Mimi tena, Daktari?"

"Wote."

Hakuwa na imani tena na mkono wake. Alichukua mkasi, akakata ukucha wa mguu wa kulia hadi kwenye nyama. Damu ilitoka, nyekundu, ikaendelea kutoka. Alisimamisha pampu na kubana pamba kwa nguvu zake zote. Mguu wa kushoto ulibaki baridi.

"Ulisema miguu," alisema Mma Kelapile polepole. "Huo ni mmoja."

"Ndiyo."

"Sasa mmoja ni kuishi au ni kulala?"

Daktari aliitazama saa ya ukutani. Hakuwa na hakika kama dawa ndiyo iliyofanya kazi, au mwili wenyewe, au kusubiri. Alijua tu kwamba Magwinya alikuwa ameacha kulia.

"Ni kuishi hadi kesho," alisema. "Kesho niulize tena."

Gaone alibana ukucha hadi damu ilipokoma. Rra Tlhalerwa alizima jiko lake na kuja dirishani kuomba radhi. Mma Kelapile alilitia jiwe mfukoni likiwa baridi, akaenda nyumbani kumpikia paka maini. Daktari Mokgatle alipiga simu Maun kudai kifaa chake, kisha akarudi mezani, akaushika tena mguu wa kushoto.