Mkono wa Nahodha

Mimi ni fundi wa makochi. Sponji, gundi na cherehani ndiyo maisha yangu. Sinema siziwezi, taa zikizimwa tu nasinzia. Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu aliponijia karakanani akitaka mkono wa Nahodha, ilibidi anieleze kama mgeni wa dunia.

"Shangazi, si yule mwanamke anayeendesha chombo cha angani! Ana mkono wa chuma. Jumamosi shuleni kila mtu anavaa kama mtu wa sinema, halafu tunapanda jukwaani. Nisipoupata, siendi."

Huyu tunamwita Jaji, maana akishakata shauri, rufaa hakuna. Nikamwambia nenda zako, mkono utaupata.

Sasa, Jaji alizaliwa mkono wake wa kushoto ukiishia chini kidogo ya kiwiko. Kwetu jambo hilo halitajwi. Wifi yangu, mama yake, humvalisha mikono mirefu hata jua liwake vipi, na mgeni akikodoa macho huulizwa haraka habari za safari. Sote tumezoea. Ukimshonea nguo, unapima mkono wa kulia, na wa kushoto unaukata sawa na huo.

Nami nikapima hivyo hivyo, kwenye sweta lake, mkono wa kulia. Nikachukua ngozi bandia iliyobaki kwenye kochi la daktari wa meno, nikatia sponji nyembamba, nikapanga ile misumari ya vichwa vya mviringo tunayopambia viti, nikapuliza rangi ya fedha. Vidole vitano, kila kimoja na viungo vyake. Jirani yangu muuza magodoro alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Fundi, hiyo ni kazi au uchawi?"

"Kizuri chajiuza," nikamjibu. "Usinizibie mwanga."

Ijumaa mchana Jaji akaja na mama yake. Wifi alipouona ule mkono alipiga makofi.

"Hapo sawa! Wote watatazama huku, kule hakuna atakayeangalia."

Jaji akauvaa mkono wa kulia. Ulimkaa barabara. Akakunja vidole, akavikunjua, kisha akaubana kwapani, akauvua na kuuweka mezani.

"Shangazi, huu ni wa mkono uliopo."

"Kwani ulitaka wa mkono upi?"

"Nahodha hana mkono. Ndiyo maana ana wa chuma."

Lo! Mtu mzima na akili zangu, nimeumiza mgongo siku zote hizo kumbe nashona glavu. Niliona aibu, tena kubwa.

Wifi akadakia. "Mwanangu, wenzako watakucheka."

"Wananicheka kila siku, mama. Hata na mikono mirefu. Kesho nataka waniombe waushike."

Mimi nikajifanya natafuta chaki. Mtoto ni wa wifi, na angesema twendeni nyumbani, basi, jukwaa lingeishia hapo. Wifi akavuta kigoda, akaketi, akamweka Jaji katikati ya magoti yake na kumkunjia mkono wa sweta, pole pole, mpaka juu ya kiwiko.

"Pima, wifi."

Nikashika utepe. Nimepima makochi ya nusu ya mji huu, lakini mkono ule sikuwahi kuupima. Utepe ulipomgusa tu, Jaji akaruka, akaangua kicheko.

"Shangazi, unanitekenya!"

"Jamani, hata sijamshika!"

"Ndivyo alivyo," wifi akasema, akimtuliza mabega. "Hapo anatekenyeka tangu mchanga. Nilikuwa nikimwogesha nambusu hapo makusudi, ili acheke."