Viganja vya Msusi

Daktari wa kituo cha saratani alieleza utafiti wao mara mbili, polepole, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyomtia wasiwasi fundi friji. Mtu mkweli, aliwaza, husema mara moja.

Mkewe, ambaye ni msusi, angetundikiwa dripu ileile wanayopata wagonjwa wote. Juu ya hiyo angemeza kidonge kila jioni. Baadhi ya wagonjwa vidonge vyao vilikuwa na dawa mpya. Vya wengine havikuwa na kitu.

"Nani anajua nani kapewa nini?" fundi akauliza.

"Kompyuta. Mimi sijui, na Sista anayegawa vidonge hajui. Tukijua, tutaanza kuona kile tunachotaka kuona."

"Na hiyo mpya inaponya?"

"Hilo ndilo tunalolitafuta."

 Miaka yote fundi alitia gesi kwenye mafriji ya watu, na hakuwahi kumwambia mteja kwamba hajui ametia nini.

Nyumbani ndipo alipoyatoa. "Unalishwa chaki, mama watoto. Dawa wameziweka kwa wakubwa."

"Wakubwa gani? Wote tunakaa benchi moja, kipara kimoja." Mkewe akajipapasa kichwa, akacheka. "Mimi nawaza wateja. Watadhani nywele nimeziuza."

Kwenye benchi hilo alikuwa amempata rafiki, muuza mitumba ambaye kila mtu alimwita Mama Mapacha. Baada ya wiki chache viganja vya Mama Mapacha vilichubuka kama vitunguu. Sista alisema huenda ni dawa mpya, ingawa hata dripu huweza kufanya hivyo. Fundi hakuisikia hiyo "ingawa". Kila jioni alivishika viganja vya mkewe chini ya taa, akivikagua kama bomba linalovuja. Vilikuwa laini.

"Umeona? Mwenzio anapata. Wewe hupati."

"Anapata maumivu, ndicho anachopata," mkewe akajibu. Lakini safari hii hakucheka.

Muda ukapita. Kisha viganja vya mkewe vikaanza kuwaka moto, ngozi ikatoka, akashindwa hata kushika kitana. Ilikuwa zamu ya fundi kufurahi, ila moyo ulikataa. Mashine haikai kimya muda wote huo halafu ijiwashe yenyewe. Kuna mtu ameigusa. Siku ya kliniki akamfuata Sista chumbani kwake.

"Mmembadilishia dawa."

"Hatubadilishi, kaka. Kila chupa ina mwenyewe." Sista akaiweka kalamu chini, akamtazama. "Na nyinyi je? Vidonge anavyomeza ni vyake?"

"Unanishuku mimi?"

"Nauliza tu. Kama unavyouliza wewe."

Alitoka amekunja uso, akaenda kumtafuta mkewe amchukue waondoke. Benchini hakuwepo. Alimkuta nyuma ya jengo la kufulia mashuka, yeye na Mama Mapacha, wamekaa goti kwa goti na mtandio umetandazwa mapajani. Juu ya mtandio kulikuwa na rundo la vidonge na chupa mbili tupu.

"Chako. Changu. Chako," Mama Mapacha alikuwa akisema.

Walipomwona wakashtuka kama watoto waliokutwa na kopo la sukari.

"Mnafanya nini?"

"Kaa, shemeji," Mama Mapacha akasema. "Tunagawana. Mkeo alikuja hapa analia; kila siku unamwambia anakula chaki. Nikamwambia, hatujui chaki ni ya nani. Tuchanganye. Kuliko mmoja ashibe mwenzake alale njaa, si bora wote tule nusu?"

Vidonge vilifanana, huwezi kutofautisha. Fundi hakuvitazama sana. Alikuwa anatazama viganja vilivyoshika pindo la mtandio, viganja vya Mama Mapacha. Vilikuwa vimepona. Ngozi mpya, laini. Nusu aliyopungukiwa yeye ndiyo iliyomchubua mkewe.

Mama Mapacha akaona anapotazama, akaificha mikono chini ya mtandio.

"Mimi nina macho, shemeji," akasema kwa sauti ndogo. "Wewe nyamaza."

Mkewe alikuwa ameinama akirudisha vidonge chupani. Hakusikia, au alijifanya.

Fundi akakaa. Akinyamaza, mkewe ataendelea kula nusu ya dawa ya mwenzake. Akisema, mkewe atarudi kwenye chaki, au wote wawili watatolewa. Na kama ile dawa haiponyi? Na kama inaponya? Husemwa kikulacho ki nguoni mwako. Aliona shati linambana.

"Twendeni kwa Sista," akasema.

"Watatufukuza!" mkewe akamshika mkono. "Na wewe ndiye uliyesema..."

"Nilisema. Na mficha uchi hazai. Twende."

Daktari hakufoka. Alieleza kwamba nusu ya dawa inaweza isimsaidie yeyote, na kwamba vipimo vyao vya majuma hayo vimeharibika. Akasimamisha vidonge hadi wakuu wa utafiti waamue. Safari hii aliyasema mara moja tu. Uamuzi ulipokuja, waliruhusiwa kuendelea, kila mmoja na chupa yake, ameze mbele ya mtu wa nyumbani.

Basi kila jioni fundi alishika kikombe cha maji, mkewe akameza. Viganja vikaacha kuwaka. Ngozi ikafunga. Mkewe akajaribu kitana kwa binti wa jirani, kisha wateja wakarudi mmoja mmoja, na sebule ikajaa vicheko na nywele za kubandika. Fundi alisimama mlangoni akitazama vidole vikikimbia.

"Acha kunitazama mikono, baba watoto. Mteja atadhani unanichumbia upya."

Mteja alicheka. Fundi alijaribu.

Mteja alipoondoka, mkewe akafagia nywele, akanawa, akaketi kusubiri kikombe.

"Leo ulipopita kituoni ulimwona Mama Mapacha?"

"Nilimwona."

"Viganja?"

Fundi akamimina maji taratibu. "Vinachubuka tena."

Mkewe akakigeuzageuza kidonge kwenye kiganja chake laini, akakimeza.

"Afadhali," akasema.