Wageni Waliogeukia Migombani

Ijumaa kabla ya tamasha, Kemilembe alikuwa amekaa barazani kwake Bushumba, wilaya ya Muleba, akifunga kahawa ya kutafuna kwenye magamba makavu ya mgomba, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega. Upande wa pili alikuwa Muksini, mkodishaji wa maturubai na viti pale Bukoba mjini, akimhakikishia kwamba lori limeshapakiwa. Kemilembe alimwambia asisahau spika. Kisha akakata simu akaendelea kufunga, kwa sababu Buhaya mgeni asiyepewa kahawa hajakaribishwa, hata ukimchinjia ng'ombe.

Tamasha la Enanga la Bushumba lilianza wakati Tanganyika inapata uhuru, na kwa muda mrefu lilikuwa mtu mmoja tu, Ta Rwekaza, baba yake Kemilembe. Enanga ni ubao uliochongwa kama hori, kamba moja ikipita juu yake kwenda na kurudi. Rwekaza aliupiga huku akiimba majina ya waliokufa kijijini, nyumba kwa nyumba, kuanzia kilimani hadi kisimani. Watu walitembea kutoka mbali kuja kusikia majina ya watu wao, na wengine walikuja kuhakikisha kwamba hajawaruka.

Kemilembe ndiye aliyemtunzia kamba. Baba alipoanza kusahau, ndiye aliyekaa nyuma ya ukuta wa majani ya migomba akimnong'oneza majina. Alijua wimbo wote. Alijua na kupiga, maana Rwekaza alimfundisha mwenyewe wakiwa wawili, kisha akamwomba asimwambie mtu. Enanga ni ya wanaume, ndivyo Bushumba walivyosema siku zote, na hakuna aliyewahi kuulizwa sababu.

Rwekaza alipokufa, kamati ilitafuta mpigaji mwingine mpaka Maruku, ikakosa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Ta Kahigi, bwana shamba mstaafu, mtu asiyeshindwa na tatizo. Akapendekeza kwamba Audax, dereva wa lori la ndizi, mwenye kifua kipana na kanzu nzuri, akae kwenye kigoda na enanga mapajani, avitembeze vidole na kuchezesha midomo. Kemilembe akae nyuma ya majani na enanga nyingine, apige na kuimba. Wajumbe walipiga makofi. Kemilembe, ambaye ndiye katibu, naye alipiga.

Lakini alikuwa na hamu moja, na hakuificha. Alitaka akae kwenye kile kigoda mchana kweupe, watu wakimwona. Alishamwambia Kahigi, na Kahigi alishamjibu kwamba ni wazo zuri, wataliangalia.

Jumamosi nyasi zilitandazwa uwanjani, rubisi, pombe ya ndizi, ikaletwa, turubai likasimama. Watu hawakuwa wengi. Vijana walikuwa Bukoba kwenye muziki wao, na viti vingi vya Muksini vilikaliwa na jua. Kama ilivyo ada, kabla ya wimbo mpigaji alipewa punje za kahawa mkononi na mtu aliyemzidi umri. Audax alizipokea kwa mikono miwili, akatafuna, akaketi, akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Mshereheshaji alieleza kwamba Audax ana mafua, na watu wakampa pole.

Kemilembe alianza na nyumba ya kilimani. Alipomtaja Joackim, fundi wa paa aliyekufa mwaka wa mvua nyingi, Joackim alitokea njiani akiwa na koti alilozikwa nalo, akavua viatu pembeni ya nyasi, akaketi. Alipotajwa wa pili, akaja wa pili. Rwekaza alikuwa akiimba wanaume tu. Kemilembe aliimba na wake zao, kwa kuwa aliwajua na hakuona pa kuwaacha, na wao pia walikuja, wakipangusa mikono kwenye kanga kama watu walioitwa kutoka jikoni. Wimbo haujafika katikati, viti vyote vimejaa.

Wahudumu walipitisha kahawa. Wafu walichukua punje kwa adabu, hawakutafuna, wakatia mifukoni na kwenye pindo za kanga. Ta Kahigi alikwenda kumwamkia mama yake, marehemu Ma Judica, akamuuliza habari za huko. Ma Judica alimpangusa vumbi begani, akamwacha aendelee na kazi zake.

Jambo moja tu liliikera kamati. Wafu walikuwa wamegeuza viti. Wote, wake kwa waume, walimpa Audax mgongo, wakayatazama majani ya migomba. Afisa aliyetoka wilayani alikuwa anapiga picha, na katika kila picha msanii alionekana anasuswa. Kahigi alipita kati ya safu akiwaomba wageuke. Waligeuka, kama watu wanaopangwa kanisani, na alipowapita wakarudi walivyokuwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwao Kemilembe. Alimtaja baba yake, na Rwekaza akaja taratibu na fimbo yake, akaketi chini kabisa, karibu na majani, kichwa kimelala upande kama alivyokuwa akisikiliza kamba iliyolegea. Kemilembe alimwona kupitia upenyo. Alimkumbuka sana, na hakukuwa na mtu wa kumwambia, basi akaimba mpaka mwisho.

Audax alipewa mbuzi. Wafu walivaa viatu vyao wakaondoka jua likiwa bado liko juu ya migomba, na Kemilembe akabaki kukusanya vikapu.

Jumatatu kamati ilikaa kutathmini. Ilikubaliwa kwamba mahudhurio yamepanda. Kemilembe alisubiri zamu yake, akasimama.

“Ta Kahigi, waitu,” alisema kwa heshima, “watu wale walinigeukia mimi. Naomba kigoda.”

Kahigi hakuwa mtu mbaya. Alipomwoza binti yake, ni Kemilembe aliyesimamia kila kitu, na mpaka leo humshukuru mbele za watu.

“Ma Kemi,” alimjibu kwa upole, “wewe ni uti wa mgongo wa tamasha hili. Lakini uti wa mgongo hauonekani, au siyo? Unakaa ndani ya shati.”

Wajumbe walicheka. Kemilembe naye alitabasamu, kwa mazoea tu, kisha akaketi akijiona mjinga. Muksini, ambaye alikuwa amekuja kuchukua viti vyake, alisema kwamba kwa maoni yake wale wazee wanafuata sauti inakotoka. Kemilembe alimtazama kwa matumaini. Muksini akaongeza kwamba anaye mteja aliyemrudishia jukwaa la harusi, refu, ambalo mtu anaweza kukaa chini yake bila kuinama sana. Sauti ikitokea chini ya Audax, wageni watamtazama Audax.

Kahigi alisema hiyo ndiyo akili. Mikono ikanyooshwa. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kimo cha Kemilembe akiwa ameketi na enanga, aliombwa akapime mwenyewe. Akapima.

Mwaka uliofuata jukwaa lilisimama katikati ya uwanja, limezungushiwa kitambaa cheupe kilichogusa nyasi. Audax alikaa juu. Kemilembe aliingizwa chini mapema, kabla ya walio hai kufika. Kulikuwa na harufu ya mbao na gundi, na mwanga mwembamba ulipita kati ya ubao na ubao, ukikatwa na viatu vya Audax. Alisikia watu wanasalimiana kule nje. Alisikia Audax anapewa punje zake.

Aliimba. Wafu walikuja kwa wingi kuliko mwaka jana, wakiwemo wapya, na safari hii waliketi wakilitazama jukwaa. Picha zilitoka vizuri sana. Afisa alimpongeza Kahigi kwa kudumisha nidhamu ya utamaduni.

Kemilembe alishuka na majina, nyumba kwa nyumba, mpaka kwao. Akamtaja baba, akamtaja mama. Jina la kufuata lilikuwa lake. Pale gizani, vidole vikiwa kwenye kamba, ilimjia wazi kwamba siku atakapokufa hakuna atakayeliimba. Hakuwa amemfundisha mtu, maana aliambiwa asiseme, naye Audax ni dereva. Hatakuwa na njia ya kuja hapa hata kukaa kwenye nyasi. Iliuma kuliko alivyotegemea. Akaipiga kamba mara ya mwisho, akainyamazisha kwa kiganja.

Makofi yalipoanza, kitambaa kiliinuka kidogo. Ukaingia mkono wa mzee, wenye kucha ndefu za mpigaji, alioujua kuliko wake mwenyewe. Ulikuwa umeshika punje za kahawa, zile alizozifunga mwaka jana. Ukaziweka kwenye nyasi, karibu na goti lake, haraka haraka, kwa namna ambayo mtu wa nje asingeona, kisha ukatoka na kukirudisha kitambaa mahali pake. Baada ya hapo ikaingia mingine kila upande, ya kiume na ya kike, nayo ikaacha punje zake vivyo hivyo bila kujionyesha, mpaka nyasi zikawa nyeusi kwa kahawa.

Juu yake Audax alikuwa akiwashukuru wote waliofika. Mbuzi alilia. Kemilembe aliokota punje moja kati ya zile za baba yake, akaitafuna polepole, akakaa kusubiri uwanja uishe watu, maana kamati ilikuwa imemwomba asitoke mapema.