Siku Bi Saleha Alipokaa Mkekani

Bi Saleha wa Chumbageni alikuwa amepika pilau za harusi miaka thelathini na minane, na hata moja hajapata kuila akiwa amekaa. Alikula wima, mwiko mkononi, moshi machoni, tena ukoko. Hilo hakulitia akilini mpaka siku Brightness, binti wa Kilutheri aliyeteremka kutoka Lushoto kuja kufundisha kikundi chao cha akina mama, alipowagawia karatasi na kalamu akataka kila mtu aandike dira ya maisha yake.

"Dira si dua, bibi zangu," Brightness alisema. "Dira unaipa tarehe. Na useme utajuaje kwamba umefika."

Khadija, jirani wa siku nyingi, aliandika kwamba anataka kuingia peponi. Brightness akamwuliza kwa upole, tarehe ngapi? Khadija akaikunja karatasi yake akaikalia.

Bi Saleha aliitafuna kalamu hata ikalainika. Kisha akaandika kwa zile herufi kubwa za darasa la nne: NIKAE MKEKANI HARUSINI KAMA MGENI. NILETEWE SINIA. NISHIBE. NILALAMIKE.

"Na kulalamika nako, bibi?" Brightness akamnong'oneza.

"Ndiko kwenyewe, mwanangu. Miaka yote wananisema mie. Mara chumvi, mara mafuta, mara nyama ndogo. Nami nataka zamu yangu."

Tarehe akaweka Ijumaa ya wiki ile ile, harusi ya binti wa Khadija kule Makorora. Masufuria akamwachia Nasma, msaidizi wake aliyemenya vitunguu na kulia kwa miaka kumi na mitano. Khadija hakuambiwa. Angepandwa na presha kabla ya nikaha.

Ijumaa hiyo Bi Saleha akaingia na dera jipya, ananukia udi badala ya kitunguu saumu, watu wakampisha wakidhani ni mtu wa Unguja. Akachagua katikati ya mkeka, akanyoosha miguu. Wa kwanza kumtambua alikuwa Anastazia, jirani yao wa Kikatoliki.

"Saleha! Uko hapa? Na pilau?"

"Ipo."

"Ipo na nani?"

"Na moto."

Anastazia akashika kifua. Habari ikapita mkekani mdomo kwa mdomo: Bi Saleha amekaa. Amekaa? Amekaa vipi? Ilipofika upande wa wanaume, Bi Saleha alikuwa amezirai. Ilipofika kwa bwana harusi, chakula hakuna, na shangazi yake alikuwa keshauliza duka la mikate liko wapi.

Khadija akaja mbio, jicho moja lina wanja, la pili halina.

"Saleha wee! Unaumwa?"

"Mie mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wako. Umenialika."

"Nimekualika uje upike!"

"Kadi haikusema." Bi Saleha akachomoa karatasi kifuani. "Hii dira yangu. Soma."

Khadija akasoma. "Dira gani hii ya kuja kuniaibisha? Umekosa siku nyingine?"

"Shoga, yako haina tarehe. Yangu inayo."

Alisema hivyo, lakini miguu yake ilikuwa imeanza kuinuka yenyewe. Harufu ya bizari ilimwambia makaa ya juu ya mfuniko yapunguzwe sasa, sasa hivi. Akaikalia mikono yake, akafumba macho, akaomba asisimame.

Sinia likaja. Nasma amelibeba mwenyewe, uso umejaa majivu. Likawekwa mbele ya Bi Saleha na wenzake wanne, Anastazia akiwamo, na turubai zima likamgeukia. Akanawa, akapiga bismillahi, akatia tonge.

Chumvi sawa. Akatia la pili, huenda kosa limejificha chini. Wali punje moja moja. Nyama laini. Viazi, wallahi, hata kimoja hakikupondeka! Jasho likaanza kumtoka. Akachimba kushoto, akachimba kulia, wenzake wakinyoosha mkono anawazuia kwa kiwiko, anatafuta kosa. Akafika kwenye bati tupu la sinia.

Brightness, naye mwalikwa, akamwinamia sikioni. "Bibi, umekaa, umeletewa, umeshiba. Bado moja."

Nasma alikuwa amesimama pale pale, ameuma pindo la kanga. "Bi Mkubwa, ikoje?"

Bi Saleha akamtazama. Miaka kumi na mitano mtu analia vitunguu vyake, na hajawahi kumpa neno moja zuri. Akamtazama na Khadija na jicho lake moja la wanja. Akakohoa.

"Sinia," akasema, "dogo."

Vigelegele vikapasua turubai. Nasma akalia kweli safari hii, bila kitunguu. Khadija akajibwaga mkekani akicheka mpaka na ule wanja mmoja ukamwishia.

"Sisi je?" Anastazia akapiga kelele, mkono alionawa bado haujagusa chakula. "Tuliokaa nawe hatujaonja hata punje!"

Bi Saleha akaegemea mto, akaomba kijiti cha meno.

"Basi lalamikeni," akasema. "Wageni nyie."