Mawimbi ya Upanga wa Mzee Amerol

Potrisam alifika kwa Camar, mthamini wa silaha za kale mjini kando ya Ziwa Lanao, akakuta upanga wa makali ya mawimbi wa marehemu baba yake, mzee Amerol, umelazwa juu ya gazeti. Potrisam aliuacha darini siku walipokimbia vita. Sasa Datu Macapundag, jumbe wa pale aliyeuleta upimwe, alikuwa ameketi hapo akitafuna mhogo.

"Mawimbi matano," Camar alihesabu kwa ncha ya penseli. "Na hapa shinani, karibu na mpini, ni chuma cha peke yake, kimeunganishwa. Huu wa kale kweli. Datu, uliupataje?"

"Sultani alimtunuku babu yangu."

Mawimbi yakawa saba. Upanga wa aina ile, ukitungiwa sifa, huongeza mawili mawili, maana hesabu yake lazima iwe witiri. Camar akafuta tano, akaandika saba. Wanunuzi wa Manila hulipia mawimbi.

"Babu akapigana nao na Wamarekani." Tisa. "Peke yake." Kumi na moja.

"Babu yako!" alisema Potrisam. "Aliyekuwa akimkimbia jogoo wetu?"

Yakarudi tisa.

"Shangazi, usituharibie kazi," Camar alisema.

"Fungua waya wa mpini. Chini yake kuna uzi mwekundu. Niliufunga mimi, baba mikono ikimtetemeka."

Camar akafungua. Uzi ulikuwepo. Upanga ukajinyoosha hadi mawimbi matano, kwa mlio mdogo kama wa kijiko kwenye kisahani.

"Ni wako, shangazi."

"Basi nipe. Sina kingine cha baba."

"Mimi napima upanga, sipimi mwenye mali. Mambo ya wenye mali yana ofisi yake."

"Iko wapi?"

"Iliungua vitani."

Datu akanywa maji. "Huo uzi," alisema, "aliufunga sultani kwa mkono wake."

Saba. Datu aliendelea kusimulia mpaka jasho likamtoka, na yalipofika kumi na tano Camar akagonga muhuri kwenye cheti. Palibaki nafasi moja tupu, ya rangi ya uzi. Kwa upole kabisa, akamsogezea Potrisam kiti, akamwuliza ule uzi ulitiwa rangi kwa kitu gani, maana wanunuzi hupenda kujua.

"Kwa mizizi ya mti wa mkudu," alisema Potrisam. "Mama aliichemsha kwenye sufuria ya wali, baba akagomba siku nzima."

Mawimbi mawili yakatoweka. Camar akaandika: mkudu. Datu akafuta mdomo, akaanza upya.