Pua ya Mama Gaudiose

Stellah alikuwa mwepesi wa kuahidi. Siku moja, akimenya viazi na mwenzake wa kazi Par katika jiko la shule huko Farsta, Uswidi, aliahidi kwamba kwaya yake ya Kiswahili ya Alby itamwimbia mama yake Par atakapotimiza miaka themanini. Tena itaimba kwa Kichin, lugha ya milimani huko Burma alikozaliwa bibi huyo. Ahadi ni deni, na hii ilikuwa na tarehe yake, Jumapili ya pili ya Januari.

Par aliwatumia wimbo wa mavuno kwenye simu, kaimba mwenyewe. Walifanya mazoezi wiki tatu. Stellah akawarekodi, akampelekea bibi asikilize. Jibu likarudi kesho yake: "Wimbo mzuri sana. Ni Kiswidi?"

Siku hiyo Stellah hakula. Bibi Tial, mama yake Par, hakuwahi kuimbiwa wimbo ule tangu atoke kwao, wajukuu zake wanamjibu Kiswidi, na sasa angekaa mbele ya keki akitabasamu kwa adabu tu. Par alimweleza kasoro ilipo. Kichin kina m, n na ng' zinazoanza bila sauti. Pumzi hupita puani kimya kwanza, ndipo neno linatoka. Hmai ni uso. Hna ni sikio. Stellah alijaribu mbele ya kioo mpaka mwanawe akamletea tishu.

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, walikuta ukumbi umefungwa na mwenye ufunguo bado yuko kwenye tunnelbana, treni ya chini ya ardhi. Baridi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.

"Hatukai bure," Stellah akasema. "Tuimbe hapa hapa."

Wakaimba, mvuke ukiwatoka. Hapo ndipo Stellah alipoona jambo. Kila walipofika kwenye hna, watu kumi na mmoja walifuka mdomoni. Mmoja tu alifuka puani, mvuke mwembamba pande zote mbili, kama sufuria mbili za chai.

Alikuwa Mama Gaudiose, Mrundi pekee wa kwaya, aliyekaa safu ya nyuma miaka sita kwa amri ya Stellah mwenyewe. "Mama, imba polepole, kwa sauti ndogo, pumzi yako inaingia kwenye maikrofoni." Ndivyo alivyomwambia, na mama wa watu akatii.

"Mama Gaudiose! Hiyo umefanyaje?"

"Nimekosa tena?"

"Haki hujakosa! Rudia, tafadhali."

Mama akacheka. "Si ni ya kwetu hii? Miye nilichunga tangu utoto. Semeni impene." Ndiye mbuzi, na pua ikafuka. "Intama." Kondoo. "Inka." Ng'ombe, na huyo alifuka kuliko wote.

"Mais maman," akasema Ernest, Mkongo wa sauti ya besi, "miaka yote ulikuwa unatufichaka?"

"Niliambiwa niimbe polepole."

Stellah aliona aibu hadi masikio yakamchoma kwenye baridi ile. Akamwomba radhi mbele ya wote, akamshika mkono, akamleta mbele. Yeye akaenda nyuma. Kwa nusu saa wapita njia wa Alby waliwaona watu wazima kumi na wawili wakiita mbuzi, kondoo na ng'ombe kwenye theluji, kila mtu akichungulia pua ya mwenzake. Mwenye ufunguo alipofika, hakuna aliyetaka kuingia.

Jumapili, Mama Gaudiose alianza peke yake. Bibi Tial alikuwa na tabasamu lake la adabu tayari. Hna ya kwanza ilipotoka, tabasamu likamwishia, akaweka kijiko chini. Ubeti wa pili alikuwa akiimba. Wa tatu alisimama, akiwaongoza kwa kidole na kuwakunjia uso wanaokosea, na wajukuu wakaacha simu wakaja kumshika mikono.

Wimbo ulipokwisha alimvuta Par, akamnong'oneza. Par akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Anauliza huyu mama ni wa kijiji gani. Anasema bila shaka ni wa ng'ambo ya mto, maana ana lafudhi kidogo."

"Mwambie ndiyo," akasema Mama Gaudiose. "Ng'ambo kabisa."

Bibi akataka waanze upya. Wakaanza, na Stellah, kule safu ya nyuma, akaimba polepole.