Mwandishi Athibitishe Mwenyewe

Jumatano, tarehe tisa Oktoba, saa nne kasorobo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Siku hiyo walimkubalia mke wangu makala yake.

Nilikuwa chini ya sinki kwenye jiko la watu, maji yamenilowesha mpaka mbavuni, simu ikalia. Kuona ni binti yangu nikajua kuna jambo, maana huwa hanipigii nikiwa kazini.

"Baba, wale wa jarida wamejibu."

"Wamesemaje?"

"Wameikubali makala ya mama. Itatoka toleo la Desemba."

Nikakaa pale pale sakafuni na spana mkononi. Mama yake tulikuwa tumemzika tangu Juni.

"Sasa unalia nini, mwanangu?" nikamuuliza, maana nilimsikia.

"Wanataka athibitishe mwenyewe kwamba makala ni yake. Yeye binafsi, si mtu mwingine. Asipothibitisha kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo wanaiondoa."

Mwenye jiko akachungulia kuuliza kama bomba limepona. Nikamwambia bomba limepona, wagonjwa ni wengine.

Mke wangu watu walimwita Mama Hodi. Alikuwa afisa ustawi wa jamii katika hospitali ya kanisa. Kazi yake ilikuwa wale wagonjwa ambao daktari amesharuhusu waende nyumbani, na hakuna anayekuja kuwachukua. Mtu amepona, kitanda kinatakiwa, ndugu hawaonekani. Wakubwa wa hospitali walikuwa wanamkimbiza kila asubuhi: Mama Hodi, yule wa kitanda cha dirishani ataondoka lini? Nauli ya kuzunguka mitaani kutafuta hao ndugu hawakumpa hata siku moja. Visigino vya viatu vyake nilikuwa nikivigonga mimi, nimekaa kizingitini, natukana polepole asinisikie.

Huko kuzunguka ndiko kulikompa jambo la kuandika. Aliona kwamba ukimuuliza mgonjwa ndugu zako wako wapi, ananuna na kugeukia ukutani. Akaliacha swali hilo. Akawa anauliza: "Nani anajua unavyoipenda chai yako?" Mgonjwa anafikiri, halafu uso unalegea. Anamtaja muuza magazeti wa pale kona, au mpangaji mwenzake wa chumba cha pili, au mke aliyeachana naye zamani. Mama Hodi anakwenda kupiga hodi kwa huyo aliyetajwa, na mara nyingi huyo ndiye anayekuja. Akabishana na wakubwa mpaka wakakubali kwamba mtu wa namna hiyo, hata kama hana damu moja na mgonjwa, aweke sahihi na aondoke naye.

Hayo ndiyo aliyoyaandika, pamoja na habari za yule Msamaria wa kwenye Injili, akayatuma kwenye jarida la wasomi wa imani ya Kikristo na ustawi wa jamii. Mimi nimeishia shule ya msingi. Nilidhani kutuma makala ni kama kutuma barua, unaweka stempu unasubiri. Kumbe kwanza unalifuta jina lako. Wasomi wawili wanaoitwa wapitiaji wanaisoma bila kujua umeiandika wewe, na wewe hujui wao ni akina nani. Eti hiyo ndiyo haki.

"Kwetu mtaani," nikamwambia, "mtu akikujia amejifunika uso hatuiti haki."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Ubavu wenyewe ulikuwa umeshaanza kumuuma, ila hatukujua unauma kwa sababu gani.

Wapitiaji wakajibu. Wa kwanza alisema maombi yamezidi, makala inanuka mahubiri, apunguze. Wa pili alisema imani imepungua mno, aongeze. Na wote wawili wakataka aweke kiunzi cha nadharia.

"Kiunzi ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Ni kama wewe umeunganisha bomba, maji yanatoka, halafu wanakuuliza ni profesa gani aliyeyaruhusu yapite."

Akapunguza, akaongeza, akawatafutia na profesa wao. Wakarudisha tena. Sasa ikawa mikato na nukta kwenye orodha ya vitabu. Wakati huo alikuwa mgonjwa katika hospitali ile ile aliyoitumikia, kompyuta ya binti yetu imelala juu ya tumbo lake, anahamisha mkato kutoka huku kwenda kule. Mganga mkuu akapita na kundi lake, akasema, "Mama Hodi, pumzika sasa." Neno hilo hakuwahi kumwambia alipokuwa mzima. Nilitamani kumvuta nje kwa tai yake.

Akatuma. Hakungoja jibu, au tuseme jibu halikumwahi yeye. Jarida lilikaa kimya hadi Oktoba, kana kwamba huku watu hawafi.

Jioni ya ile Jumatano binti yangu alikuja kunitengea chakula. Hakula mwenyewe. Akaweka simu mezani.

"Baba, nenosiri la mama ninalo. Nikibonyeza hapa tu, imekwisha. Jina lake linarudi juu ya makala, inachapwa."

"Unabonyeza kama nani?"

"Kama mama. Nani atajua?"

"Mama yako alitembea mji mzima kutafuta mtu wa kweli wa kuweka sahihi. Sasa sisi tumwekee ya uongo?" Nikaisukuma simu. "Na tena nataka wajue amekufa. Nataka mle jaridani awepo angalau mtu mmoja anayelijua hilo."

Akawaandikia. Jibu lilikuja papo hapo: asante kwa ujumbe wako, tafadhali mwandishi athibitishe mwenyewe. Akaandika tena, likaja lile lile. Jumatatu ikaja barua pepe nyingine, kwa jina la marehemu. Kwa kuwa sasa umejiunga na familia ya waandishi wetu, tunakuomba upitie makala ya mwenzako.

"Wamempa kazi," nikasema.

"Ni kompyuta inayotuma, baba."

"Na kompyuta imeajiriwa na nani?"

Kesho yake nikavaa koti la kanisani, nikaenda.

Ofisi ya jarida iko ghorofa ya pili kwenye chuo cha wachungaji. Mlango haukai wazi wenyewe, wameuegemezea matoleo ya zamani yaliyofungwa kwa kamba, miaka ya watu imegeuzwa kizuizi cha mlango. Palikuwa na katibu, dada mmoja mwenye miwani, na nyuma yake, kwenye meza kubwa, mhariri mkuu. Ni mchungaji, halafu ni daktari, ule udaktari wa vitabu.

"Karibu, mzee wangu," akasema nilipojieleza. "Pole sana na msiba."

"Upi?"

Akamtazama katibu. "Huo wa... mama."

"Kumbe mnajua. Basi acheni kumwandikia."

Dada wa miwani akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa anaficha cheko, au aibu, sikujali.

"Makala yake ni nzuri sana," mhariri akasema. "Lile swali la chai nimelitumia hata kwenye semina ya wachungaji. Liliwagusa mno."

"Uliwaambia ni la nani?"

"Ilikuwa bado kwenye mapitio, mzee. Majina hayatajwi."

"Sasa mapitio yamekwisha. Mimi ni mume wake, cheti cha ndoa ninacho mfukoni. Nipe nithibitishe."

"Utaratibu unasema mwandishi mwenyewe. Ni kwa ajili ya kumlinda."

"Na nani? Na mimi?"

Akavuta pumzi kama mtu anayemfundisha mtoto. "Ipo njia. Tukimwongeza mwandishi mwenza aliye hai, huyo anathibitisha, na jina la mama linabaki."

"Mwenza kama nani?"

Akaanza kupanga kalamu zake mezani. "Hata mimi naweza kujitolea."

Katibu akaacha kupiga chapa.

"Wewe umeandika wapi humo?" nikamuuliza.

"Si suala la kuandika, mzee. Ni utaratibu tu. La sivyo Ijumaa inaondolewa, nafasi anapewa mwingine."

Nikavuta kiti, nikakaa bila kukaribishwa.

"Mchungaji, hebu niambie. Mle ndani ya makala mke wangu anasema nani anafaa kumwekea sahihi mtu asiyeweza kujisemea?"

"Yule anayemjua kwa mambo madogo ya kila siku," akasema haraka, akafurahi kuulizwa. "Ndiyo hoja yake kuu."

"Na wapitiaji waliikubali?"

"Wote wawili."

"Mke wangu alikunywa chai ya rangi bila sukari. Alifunika kikombe na kisosi ipoe, akanywa nusu, nusu nyingine akaisahau dirishani. Miaka yote niliyokaa naye, hiyo nusu nimeimwaga mimi. Hospitalini mtu akisema hivyo anapewa mgonjwa mzima, anaondoka naye. Mimi sidai mgonjwa. Nadai jina lake liwekwe peke yake, pale mlipoliondoa ninyi."

Mhariri naye akavua miwani yake, akaipangusa, akaivaa. Akatazama kalenda, kisha mlango, kisha dada wa miwani, ambaye safari hii hakuinamisha kichwa.

"Tuombe kidogo," akasema.

Akaomba. Aliomba vizuri, siwezi kumnyima hilo, mpaka akamwita Mama Hodi mtumishi mwema. Mimi sikufumba macho. Nilikuwa namtazama anavyomsifu mtu kwa Mungu huku amemnyima mstari mmoja kwenye karatasi. Aliposema amina akasimama, akaninyooshea mkono wa kuagana, akasema atalipeleka suala kwenye bodi, ingawa bodi inakutana Januari.

Sikuupokea mkono. Nilipofika mlangoni, penye yale matoleo ya zamani, nikageuka.

"Mchungaji, haya aliyoyaandika mke wangu mmeyakubali, au mmekubali kuyachapa tu?"